Mama Kipaza na Wimbo Uliokataa Kwisha

Inatangazwa kwa wananchi wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba mwanamke mmoja wa makamo, mfungaji sabuni kwa kazi na bibi wa mtoto mmoja kwa jukumu, ametuhumiwa kuihujumu nchi yake kwa kosa ambalo halijapata kuandikwa katika sheria yoyote: aliipenda kupita kiasi, hadharani, kwa sauti ya juu, saa za kazi. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu. Bendera ipo salama. Mwenye kiwanda naye yupo salama, isipokuwa viatu vyake.

Mtuhumiwa kiwandani wanamwita Mama Kipaza. Kipaza sauti, maana yake, ila hilo la sauti lilikatwa kwa sababu halikuwa na haja. Akifungua mdomo tu linajieleza lenyewe. Akimwita mtu aliye upande wa pili wa ua, watu wa mtaa wa pili huitika "abee" wakiwa jikoni kwao. Mama yake mzazi alikuwa akimwambia, "Wewe hukulia ulipozaliwa. Ulitangaza."

Aliingia kiwandani akiwa msichana, na tangu hapo kazi yake ni moja. Mche wa sabuni unakuja kutoka kwa wakataji ukiwa bado na uvuguvugu. Unalaza karatasi, unaweka mche, unakunja pembe, unageuza, unakunja tena, unausukuma kwa jirani anayepanga katoni. Ukimaliza huo kuna mwingine. Sabuni ile imemlamba vidole hadi alama zake zimefutika. Siku serikali ilipokuja kuandikisha watu, alibonyeza kidole kwenye kioo, akabonyeza kingine, akabonyeza vyote.

"Mama, mashine haikutambui," kijana wa serikali akasema.

"Basi mashine na serikali lao moja."

Nyuma ya kiwanda, mkabala na ua, kuna chumba cheupe chenye dirisha moja. Hapo wanalala, wanalia, wanapigana na kunyonya watoto wa wafanyakazi, na anayewaangalia ni mwanamke mzee aliyekuwa mfungaji mpaka mgongo ulipogoma. Wote wanamwita Bibi Mlezi. Msidhani chumba hicho kilitolewa na mtu mwenye huruma. Zamani, kiwanda kikiwa cha mwekezaji wa nje, ambaye humu tutamwita Mgeni, akina mama walilaza watoto wao ndani ya katoni chini ya meza. Siku moja katoni iliyokuwa na mtoto ilifungwa, ikabandikwa, ikapakiwa kwenye lori pamoja na sabuni. Mtoto aliokolewa na kilio chake mwenyewe. Kesho yake wanawake wote wakaja na watoto wao, wakawalaza juu ya meza za kufungia, wakakunja mikono, wakamtazama Mgeni. Yule bwana hakuiogopa serikali, hakumwogopa Mungu, lakini kilio cha watoto arobaini hakikumpa raha. Akawaachia stoo ya magunia. Wakaisafisha wenyewe, wakaipaka chokaa wenyewe, wakamlipa mlezi wao wenyewe.

Wala msianze kumlilia Mgeni. Alikuwa mnyonyaji kama wenzake. Tofauti ni kwamba alipowaibia hakutaka wampigie makofi.

Makofi yalikuja na huyu wa pili.

Mgeni alipouza kiwanda, redio zilipiga vigelegele: mtoto wa nchi amenunua kiwanda cha nchi! Mnunuzi alifika amevaa shati la rangi za bendera, tai ya rangi za bendera, na soksi, wanasema waliomwona akipanda gari, vilevile. Wakambatiza Bwana Mzalendo. Alipanda juu ya katoni, akafuta jicho moja.

"Ndugu zangu! Miaka yote mmetumwa na wageni. Kuanzia leo kiwanda hiki ni chetu!"

Kwenye umati alikuwapo mkataji mmoja, Mama Pacha, rafiki mkubwa wa Mama Kipaza, mwenye watoto wawili wa mkupuo mmoja na mdomo wa watu watatu. "Chetu, yaani mimi na wewe, mzee?"

"Chetu sote, dada yangu!"

"Haya. Na mimi nitapewa ufunguo lini?"

Watu wakacheka. Askari wa getini akakohoa. Bwana Mzalendo akacheka kuliko wote, kisha akamuuliza msaidizi wake kwa sauti ya chini yule mama anafanya kazi sehemu gani.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga hawakuwahi kuajiriwa. Zimwi likujualo linajua mnofu uko wapi. Mgeni aliwapa glavu, mbaya, zenye matundu, lakini glavu. Bwana Mzalendo akazifuta. "Wazee wetu walikamata moto kwa mikono mitupu wakipigania uhuru," akasema, "na ninyi mnaogopa sabuni?" Mgeni alikuwa na mapumziko mawili, Bwana Mzalendo akabakiza moja, kwa sababu nchi iko nyuma na inabidi ikimbie. Sabuni ikapewa jina jipya, Ukombozi, bendera juu ya karatasi, na maneno "Hung'oa hata madoa ya utumwa." Mche wenyewe ukapungua kama mtu aliyetoka hospitali.

Halafu kukawa na wimbo. Kila asubuhi, kabla king'ora hakijalia, yaani kabla muda wa malipo haujaanza, wafanyakazi wote wajipange uani wauimbe wimbo wa taifa, beti zote, bendera ikipanda. Kanuni aliitunga mwenyewe na kuipaka rangi ukutani kwa herufi kubwa: ATAKAYETIKISIKA AU KUONDOKA KABLA WIMBO HAUJAISHA AMEJIFUKUZA KAZI MWENYEWE. Mpakiaji mmoja alifukuzwa kwa kujikuna. Alikuwa ametambaliwa na siafu.

Mwanzishaji wa wimbo akachaguliwa Mama Kipaza, bila nyongeza yoyote, kwa heshima tu. "Sauti yako ni mali ya taifa, mama," Bwana Mzalendo akamwambia.

"Ningejua ningeiuza kabla hujaja," akajibu, lakini akaimba. Angefanyaje? Nyumbani, yaani chumba kimoja cha kupanga ambamo kitanda na jiko vinatazamana kama mahasimu, alikuwa na mjukuu wa miaka miwili. Jina la nyumbani Bwana Mkubwa, kwa kuwa anaamsha watu wote na hafanyi kazi. Mama yake mtoto alikwenda ng'ambo kulea watoto wa matajiri. Mwanawe akalelewa na bibi, bibi akalelewa na sabuni, na sabuni ikalelewa na chumba cheupe nyuma ya kiwanda. Majirani wote alfajiri wanafunga milango wanatoka kuhangaika. Chumba kile kikiondoka, Mama Kipaza ataondoka kazini siku hiyohiyo. Hesabu yake haikuwa na jibu la pili.

Na kiliamuliwa kiondoke.

Bwana Mzalendo alitangaza habari hiyo baada ya wimbo, asubuhi moja, uso ukimeremeta. Wiki inayofuata angekuja Mheshimiwa Waziri, na kamera, kuzindua Ukumbi wa Uzalendo: mahali tulivu penye picha za historia ya sabuni ya taifa, kuanzia picha yake akiwa mtoto. Ukumbi huo ungejengwa kwenye kile chumba cha nyuma. Kuta za ndani zingebomolewa mbele ya Waziri, iwe ishara.

"Na watoto, mzee?" Mama Kipaza akauliza.

"Watoto walelewe nyumbani, mama. Huo ndio utamaduni wetu. Hizi habari za kuwarundika watoto chumbani ni za kigeni."

"Nyumbani walelewe na nani? Tuliopo nyumbani wote tupo hapa."

"Nchi haijengwi kwa maswali," Bwana Mzalendo akasema. King'ora kikalia.

Mchana ule Mama Kipaza na Mama Pacha wakaenda kwa Katibu wa chama cha wafanyakazi. Katibu huyu si mtu wa mbali. Mama yake alikuwa mfungaji, meza ya tatu kutoka mlangoni; yeye mwenyewe amekulia katika chumba kile cheupe, amejifunzia kutembea pale. Sasa ana ofisi yenye feni, na nyuma ya kiti chake imetundikwa kalenda ya kiwanda, Bwana Mzalendo akitabasamu miezi yote kumi na miwili.

"Karibuni, mama zangu. Nimelisikia. Linaniuma."

"Linakuuma wapi?" Mama Pacha akauliza. "Tuonyeshe tupapulize."

"Dada, tuongee kiutu uzima. Enzi za makelele zimepita. Sasa ni ubia. Mwajiri ni mwenzetu, damu yetu. Tukigoma leo, adui atafurahi."

"Adui yupi?" Mama Kipaza akauliza.

"Wa nje."

"Wa nje amenifungia chumba?"

Katibu akazungusha kalamu. "Nimeshapata ahadi kwamba baada ya uzinduzi kutaundwa kamati ya kuangalia namna ya kuliangalia suala la malezi."

"Wewe!" Sauti ikatoka yote, feni ikaonekana kama imesita. "Wewe nimekushika mimi mkono ukipiga hatua ya kwanza kwenye sakafu ile! Umeikojolea sakafu ile mpaka chokaa ikabanduka! Mama yako alisimama na sisi siku ile, amekulaza juu ya meza ya sabuni ukiwa na homa, hakutetemeka. Leo unaniletea kamati?"

"Mama, punguza sauti, watu watasikia."

"Ndiyo kazi ya sauti."

Wakatoka bila kitu. Mama Pacha akatema mate kwenye ua la plastiki lililokuwa mlangoni, akasema angalau leo limemwagiliwa.

Basi wakaambiwa na wenzao, nendeni kwa Vuguvugu la Mageuzi. Hao ndio wanaoipinga serikali, hao ndio wanaovaa fulana zenye ngumi. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, viti vimepangwa duara, chupa za maji mezani, ukutani vikaratasi vya rangi vimebandikwa kama ukurutu. Kiongozi wao, kijana mwenye mikono ya shati iliyokunjwa kwa ustadi na kiatu kisichojua vumbi, tumwite Mwanamageuzi. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa kila mmoja karatasi ya njano na ya kijani.

"Kwenye ya njano andikeni hofu yenu. Kwenye ya kijani, ndoto yenu."

"Mwanangu," Mama Kipaza akasema, "mtoto nimemwacha kwa muuza maji anayefunga saa kumi. Chumba chetu kinabomolewa. Hofu ndiyo hiyo na ndoto ndiyo hiyo. Utanisaidiaje?"

Mwanamageuzi akatikisa kichwa kwa huzuni iliyosomewa. "Kwanza nawapongeza kwa ujasiri. Pili, tuwe wakweli. Tukidai chumba kizima tutaonekana wenye msimamo mkali. Mimi napendekeza tudai mazungumzo kuhusu chumba. Tukipata mazungumzo, tudai kona. Kona rafiki kwa mtoto, hata kama ni kwenye korido. Haba na haba hujaza kibaba, mama."

"Kibaba kina tundu, mwanangu, na aliyelitoboa ndiye anayetupimia."

"Na uchaguzi unakuja. Tukishika sisi, tutaliweka kwenye sera."

"Mkishika ninyi, kiwanda kitakuwa cha nani?"

"Cha... cha yuleyule, bila shaka. Hatupingi uwekezaji wa ndani. Tunapinga namna. Unajua, Bwana Mzalendo yuko wazi sana kwa majadiliano. Hata kongamano letu la mwezi ujao amelidhamini yeye. Haya maji ni yake."

Mama Pacha, aliyekuwa ameshamaliza nusu chupa, akaitazama chupa, akalitazama lile shati lililokunjwa mikono, akarudisha maji mezani taratibu kama mtu aliyegundua kwamba glasi ina meno ya bandia. Wakashuka ngazi. Chini, Mama Kipaza akaegemea ukuta.

"Shoga, mmoja anataka tuimbe tukiwa tumesimama, mwingine anataka tuimbe tukiwa tumekaa duara. Wimbo ni uleule."

Siku ya Waziri ikafika. Getini askari akawazuia akina mama: leo hakuna watoto. Wakamwambia, basi leo hakuna na mama zao. Bwana Mzalendo, ambaye alihitaji umati mkubwa wenye fulana za Ukombozi mbele ya kamera, akaamuru waingie, watoto wafichwe mgongoni. Chumba cheupe kilikuwa kimetiwa kufuli mpya. Vitanda vidogo vilitupwa nje, vimerundikwa juu ya rundo la makaa. Bibi Mlezi alikuwa ameketi juu ya ndoo pembeni, amekumbatia mkeka ulioviringishwa. Wabomoaji wawili wenye nyundo walisimama mlangoni wakingoja ishara.

Watu wakajipanga uani, wote, hata mpishi wa sabuni, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kuliacha tangi likichemka. Tangi lile ni kubwa kama chumba cha kulala, na mafuta yakishaanza kukubaliana na magadi, povu hupanda. Lazima mtu asimame juu yake analirushia maji baridi kulitia adabu. Mpishi alijaribu kueleza. Akaambiwa wimbo ni mfupi.

Mheshimiwa Waziri akakaa katikati, Bwana Mzalendo kulia kwake amevaa viatu vyeupe, Katibu kushoto, na, kwa kuwa sherehe ni ya kitaifa, Mwanamageuzi naye alikuwapo safu ya pili, na kibandiko cha mgeni mwalikwa kifuani. Bendera ikafungwa kwenye kamba. Mama Kipaza, Bwana Mkubwa mgongoni, akaanzisha wimbo.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katikati ya wa tatu, mbomoaji mmoja, kwa haraka zake, akainua nyundo na kugonga ukuta mara moja. Kipande cha chokaa kikadondoka. Mama Kipaza akakiona. Ile chokaa alikuwa ameipaka yeye, akiwa na mimba ya binti yake, akiwa na brashi iliyotengenezwa kwa kamba ya katani. Hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo, ikafika kooni, ikakuta wimbo unaelekea kwisha, na badala ya kumalizia alikosea. Akarudia ubeti wa kwanza.

Ni kosa ambalo lingewezekana pale tu. Kwingine mtu angecheka, angesema ah, mama amepitiwa. Pale ukutani pameandikwa kwamba anayetikisika kabla wimbo haujaisha amejifukuza kazi, na wimbo, kwa ushahidi wa masikio yote, haukuwa umeisha. Mia mbili na zaidi wakafuata. Bwana Mzalendo, aliyekwisha kuushusha mkono kutoka kifuani, akaurudisha upesi. Waziri, aliyekuwa ameshakaa, akasimama tena. Mbomoaji, nyundo ikiwa juu kichwani, akabaki nayo hukohuko.

Mama Kipaza akaiona ile nyundo imeganda hewani. Akaelewa.

Ubeti wa pili aliuimba polepole. Wa tatu aliuimba kama mtu anayekunja pembe za karatasi. Kisha akavuta pumzi, akaanza upya, na safari hii haikuwa kosa.

Mara ya ngapi, hakuna aliyehesabu. Jua likapanda. Jasho likamtoka Waziri likapita kwenye kola. Bwana Mzalendo akaanza kusema bila kuchezesha midomo, kama mtu mwenye jipu.

"Katibu. Mwambie anyamaze."

"Nani, bosi?"

"Huyo mama."

"Nimwambie anyamazishe wimbo wa taifa? Mbele ya Waziri? Mwambie wewe, bosi, ndiye mwenye kiwanda."

"Wewe ndiye mwakilishi wao!"

"Kwenye vikao, bosi. Huku nje hawanijui."

Nyuma yao Mwanamageuzi, macho mbele, mkono kifuani, akanong'ona, "Napendekeza tusubiri waitishe mazungumzo."

Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja. Na ndani ya jengo, bila wa kulitia adabu, tangi likatokota. Povu likapanda hadi ukingoni, likamwagika, likashuka ngazi za chuma, likapita kwenye meza za wakataji, likafika mlangoni likiwa limepoa kiasi cha kumwogeshea mtoto, na likaanza kutambaa uani, jeupe, zito, bila haraka. Mpishi alililia kwa macho. Mdomo ulikuwa unaimba. Povu likafika kwenye viatu vyeupe vya Bwana Mzalendo. Vile viatu vikaanza kunyauka. Hakutikisika. Angetikisikaje? Kanuni ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wake.

Baina ya beti kuna nafasi ndogo, ya kuvuta pumzi. Katika nafasi hiyo Bwana Mzalendo akabwata:

"Mama, imetosha!"

"Ufunguo," Mama Kipaza akasema, akaanza ubeti.

Umati mzima ukaimba. Mama Pacha, pacha mmoja mbele, mmoja nyuma, alikuwa akiimba huku machozi yakimtoka kwa kicheko. Nafasi nyingine ikaja.

"Tutaunda kamati!"

"Ufunguo." Ubeti.

"Kona! Chukueni kona!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwanamageuzi.

Hakumjibu hata yeye. Ubeti. Povu likamfikia Waziri, na Waziri, ambaye alikuwa hajasema neno tangu aje, akasema bila kugeuza shingo, "Wewe bwana, wape hicho kitu nikae."

Nafasi iliyofuata, Bwana Mzalendo akatoa ufunguo mfukoni, akautupa. Ulianguka ndani ya povu. Bibi Mlezi akainuka kwenye ndoo yake, na kwa kuwa hakuwa mwajiriwa na hakuna wa kumfukuza, akatembea katikati ya sherehe ya taifa, akauokota, akaupangusa kwenye kanga, akafungua kufuli. Mama Kipaza akamalizia ubeti wa tatu, vizuri, kwa heshima zote, akanyamaza.

Waziri akakaa.

Baada ya hapo historia ikaandikwa na wanaojua kuandika. Magazeti ya serikali yakasema Bwana Mzalendo, katika tukio la kugusa moyo, amewazawadia akina mama chumba cha malezi. Magazeti ya upinzani yakasema shinikizo la Vuguvugu la Mageuzi limezaa matunda. Katibu akasema kwenye redio kwamba ubia umethibitisha uwezo wake. Hakuna aliyesema "tulinyang'anywa," maana neno hilo huuliza: na nani?

Bwana Mzalendo akawa mzalendo wa kwanza kupiga marufuku wimbo wa taifa mahali pake. Siku hizi asubuhi spika inapiga ubeti mmoja, umerekodiwa, na hauna nafasi ya kuvuta pumzi. Sabuni iliyomwagika ilikatwa kwenye mishahara ya wote, hata wa mpishi aliyejaribu kueleza. Kuhusu Mama Kipaza hakukuwa na barua wala kesi. Alihamishwa tu. Kutoka meza ya kufungia akapelekwa kwenye tangi, juu ya ngazi, kurusha maji baridi mvuke ukimpanda usoni. Mvuke ule unakwaruza koo. Waliotangulia pale wote wanaongea kama magunia yanayoburutwa. Waliojua kwamba sauti ile ni mali ya taifa walijua wanachofanya. Walitaka kuimaliza polepole, kazini, kihalali, bila kumgusa kidole, na mpaka leo wanatembea wakiwa wameinua vichwa na kusalimiwa "mheshimiwa." Mungu awape nao tangi.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja Mama Kipaza alikuta watu mbele ya chumba cheupe: mpiga picha, mwandishi wa habari, na Mwanamageuzi akinyoosha kibao cha shaba juu ya mlango. Kimeandikwa USHINDI WA MAJADILIANO. Alipomwona akafungua mikono.

"Huyu hapa! Mama yetu! Mama wa mageuzi!" Akamsogeza mbele ya kinasa sauti kama mtu anayesogeza kiti. "Mama, waambie wananchi, kwa maneno yako mwenyewe: ushindi huu mkubwa una maana gani kwako?"

Mwandishi akasogeza kinasa karibu zaidi, kwa sababu sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na imekauka.

"Kilikuwa chetu, na bado ni chetu. Hakuna kilichoongezeka. Nipishe nimlaze mtoto, tangi linachemka."